Oili ya pikipiki: geuza kopo, soma nyuma

Ingia duka lolote la spea Ngarenaro, Arusha, au Mbuyuni, Moshi, useme, "Kaka, nipe oili ya pikipiki." Utaulizwa unataka ya bei gani. Ukiongeza kwamba unataka "namba hamsini", tayari umeonekana mtaalamu. Viherufi vilivyojazana nyuma ya kopo hakuna anayehangaika navyo, ilhali ndivyo vinavyosema kama oili hiyo inaifaa injini yako au inakwenda kuimaliza klachi.

Makosa mengi yanaanzia kwenye kuifikiria pikipiki kama gari dogo. Gari lina oili ya injini, giaboksi ina ya kwake, na klachi ya gari la manyuo inakaa pakavu bila kuguswa na tone. Pikipiki nyingi za kazi za cc 100 hadi 150, iwe Boxer, TVS, Haojue, SanLG au Kinglion, zina dimbwi moja tu. Oili hiyo hiyo inalainisha pistoni na valvu, inapita kwenye gia, na ndani yake zinaogelea plate za klachi.

Kazi hizo tatu hazipatani. Pistoni inataka utelezi. Klachi inataka mshiko: plate zenye vitambaa vya msuguano zinabanwa na springi dhidi ya plate za chuma, na mbano huo ndio unaopeleka nguvu ya injini kwenye gia. Gia nazo zinaiumiza oili yenyewe. Oili ya 20W-50 huongezewa molekuli ndefu zinazoizuia isiwe nyepesi kupita kiasi ikipata moto, na meno ya gia yanazikatakata molekuli hizo kila yanapokutana. Ndiyo maana oili iliyoingia ikiwa na uzito wa 50 inaweza kumwagwa ikiwa na uzito wa 40, hata kama kwa macho bado inaonekana nzima. Kwenye gari giaboksi iko mbali, kwa hiyo oili ya injini haipati adhabu hiyo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kutafuta kwenye kopo ni herufi za JASO, kabla hata ya ile namba kubwa ya mbele.

Wajapani walitoa kiwango kiitwacho JASO T903 mwaka 1998, baada ya oili za magari kuanza kutiwa kemikali za kupunguza msuguano ili kuokoa petroli. Kemikali hizo, zikiwemo zenye molibdenamu, zinamfurahisha mwenye gari na kumwumiza mwenye klachi iliyoloa. Kiwango hicho kinaipima oili kwenye plate halisi za klachi: zinashikaje zikiwa zinazunguka, zinashikaje zikisimama, na zinachukua muda gani kukamatana. Oili inayoshika hupewa MA. Inayoteleza hupewa MB. Mwaka 2006 MA iligawanywa: MA1 yenye mshiko wa chini kidogo, na MA2 yenye mshiko mkubwa zaidi. Pikipiki yenye gia na klachi ya mkono inataka MA, MA1 au MA2, na kwa anayepakia abiria na mzigo kila siku MA2 ndiyo ya kuchukua ikipatikana. MB ni ya skuta zinazotumia mkanda, ambazo klachi yake ni kavu. Kwenye kopo alama hiyo huwa ndani ya kisanduku cha mstatili chenye namba ya usajili na herufi zake. Kopo lenye picha kubwa ya pikipiki lakini halina kisanduku wala neno JASO popote, picha hiyo haijaahidi chochote.

Alama ya kuikimbia ipo upande wa pili. Oili nyingi za magari zina duara la API, yaani taasisi ya mafuta ya Marekani, na nusu ya chini ya duara hilo unaweza kukuta maneno "Resource Conserving" au, kwa zile za zamani, "Energy Conserving". Ukiyaona, rudisha kopo rafuni. Mara nyingi yanakuwa kwenye oili nyepesi za 0W-20, 5W-20 na 5W-30. Na si klachi peke yake inayopata hasara. Kiwango cha JASO kinataka fosforasi iwe kati ya asilimia 0.08 na 0.12, kwa sababu fosforasi ndiyo inayoacha utando wa kinga pale chuma kinaposuguana na chuma. Oili nyepesi za magari ya kisasa zimewekewa kikomo cha asilimia 0.08 ili zisiharibu kifaa cha kusafishia moshi kwenye bomba. Kwa hiyo oili ya gari ya bei mbaya inaweza kuwa na kinga ndogo zaidi kwa kemshafti na gia zako kuliko oili ya kawaida ya pikipiki ya nusu ya bei hiyo.

Utajuaje kama klachi imeshaanza kuteleza? Panda kilima cha Kibosho, au ile njia ya kutoka Himo kwenda Marangu, ukiwa gia ya tatu au ya nne, kisha vuta mafuta. Injini ikipiga resi na mwendo usiongezeke, klachi inateleza. Kabla ya kuilaumu oili pima waya: ncha ya mkono wa klachi iwe na uhuru wa milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kukaza. Waya uliokazwa mno unaiachia klachi nusu nusu na dalili ni hiyo hiyo. Waya ukiwa sawa na umetoka kubadilisha oili juzi, mwaga, weka MA, endesha siku mbili tatu, mwaga tena, weka nyingine. Wakati mwingine plate zinarudi. Zikiwa zimeshaungua, hata oili ya dhahabu haizifufui, zinabadilishwa. Na plate mpya zilowekwe kwenye oili safi kabla ya kufungwa. Fundi anayezifunga kavu anakupa klachi itakayoungua siku ya kwanza.

Namba

Sasa 20W-50, 10W-40, 10W-30 na ndugu zao. Namba ya mbele, yenye W, inahusu baridi. Namba ya nyuma ni uzito wa oili ikiwa kwenye nyuzi 100 za sentigredi. Kwenye joto hilo oili ya 40 ina uzito wa sentistoki 12.5 hadi 16.3, ya 50 inaanzia hapo mpaka 21.9. Fundi anaposema "hii nyepesi, hii nzito" ndicho anachozungumzia.

Watu wanabishana sana juu ya namba ya mbele, na kwa huku kwetu ni ubishi wa bure. Kipimo cha kuwasha injini kwa oili ya 20W hufanyika kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Baridi kama hiyo iko kileleni Kibo, na huko hakuna kijiwe. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na alfajiri ya Julai ni baridi ya kuvaa koti zito, lakini si ya kuishinda 20W. Moshi mjini iko chini zaidi na ina joto zaidi. Tofauti utakayoihisi ni ndogo: asubuhi yenye baridi 10W inafika juu kwenye valvu mapema kuliko 20W. Dawa yake ni kuiacha injini ikae sailensa nusu dakika hadi dakika moja kabla ya kuondoka. Kupiga resi pikipiki ikiwa ya baridi ni tabia inayokula kemshafti kuliko tofauti yoyote ya 10W na 20W.

Namba ya nyuma ndiyo yenye maneno. Injini hizi zinapozwa na upepo, na upepo unatokana na mwendo. Pikipiki inayopanda Uru au Machame kwa gia ya pili, abiria wawili na kiroba cha mkaa, inafanya kazi kubwa kuliko zote kwa mwendo mdogo kuliko wote. Hapo joto la oili linapita nyuzi 100 bila shida, na oili iliyokwisha kukatwakatwa na gia inakuwa nyembamba kweli. Kwa injini zilizoandikiwa 20W-50, yaani nyingi kati ya zile za muundo wa zamani zinazofanya kazi ya boda, usiteremke kwenda 30 kwa sababu tu umeambiwa "inakimbia zaidi".

Upande wa pili pia una kosa. Zipo pikipiki mpya ambazo kitabu chake kinataka 10W-30 au 10W-40. Pampu na njia zake za oili zimepimwa kwa oili hiyo. Ukiitia 50 haitanoki kesho, lakini oili inachelewa kufika juu ikiwa ya baridi, na petroli inaliwa zaidi kidogo. Imani ya kwamba oili nzito ni bora siku zote imetokana na injini chakavu, ambazo oili nzito hupunguza moshi na kelele. Injini yako ya 10W-30 ikishazeeka na kuanza kula oili, kupanda hatua moja hadi 40 kunakubalika. Kuruka moja kwa moja hadi 50 ni kuficha ugonjwa.

Ile oili inayoitwa "forti" tupu, SAE 40 isiyo na W, waachie wenye jenereta na mashine za kusaga. Ikiwa ya baridi ni nzito mno, na kwa kawaida haina uthibitisho wowote wa klachi.

Herufi za API, kwa ufupi

S ni injini za petroli, C ni za dizeli. Herufi inayofuata inapanda kadiri kiwango kilivyo kipya: SL ni ya mwaka 2001, SN 2010, SP 2020. Kwa injini za cc 125 au 150 zenye kabureta, SL yenye MA inatosha kabisa, na kuongeza pesa ili upate SP hakukupi kitu utakachokiona. SL yenye MA ni bora kwako kuliko SP isiyo na MA. Oili ya dizeli ya 15W-40 iliyoandikwa CI-4 pamoja na SL inaweza kukuvusha ukikwama Mto wa Mbu usiku, kwa sababu nyingi hazina kemikali za kuteleza. Usiifanye chakula cha kila siku. Ina madini mengi ya kusafishia masizi ya dizeli, na madini hayo yakiungua yanaacha jivu juu ya pistoni na kwenye plagi.

Kuhusu oili ya kawaida na sinthetiki, kuna uvumi kwamba sinthetiki inatelezesha klachi. Si kweli. Klachi inatelezeshwa na kemikali za nyongeza, na zipo sinthetiki nyingi zenye MA2. Swali la maana ni kama unaihitaji. Sinthetiki inavumilia joto na kukatwakatwa kwa muda mrefu zaidi, na watu wanaipenda kwa sababu ya ahadi ya kukaa kilomita nyingi. Lakini angalia injini yako inasafishaje oili. Injini za muundo wa Honda CG125, ambao ndio mama wa pikipiki nyingi za Kichina zilizoko mitaani, hazina filta ya karatasi. Zina wavu wa kuzuia vipande vikubwa, na kikombe kinachozunguka kwenye ncha ya krenki, nyuma ya kava la klachi, kinachorushia uchafu pembeni mpaka unaganda ukutani mwake. Vumbi laini na masizi mengi yanabaki yakizunguka na oili. Katika injini hiyo sinthetiki inayokaa kilomita 5,000 itakuwa bado na nguvu yake, huku imejaa mchanga. Tumia oili ya kawaida ya 20W-50 yenye MA na umwage mapema. Pesa iliyobaki nunua filta ya hewa.

Na filta ya hewa ndiyo nusu ya habari yote ya oili huku kwetu. Barabara za vumbi kuelekea TPC, Kisongo au ndani ndani ya Mirerani zina vumbi laini kama unga. Filta ya sponji iliyochanika, au iliyotolewa kabisa "ili ipumue", inaruhusu vumbi hilo liingie kwenye silinda, lishikwe na oili ya ukutani, lisagwe na ringi, kisha lishuke chini kwenye dimbwi. Sponji ifuliwe kwa mafuta ya taa au maji ya sabuni, ikamuliwe bila kusokotwa, ikaushwe kabisa, itiwe matone ya oili na kukamuliwa tena. Kwa anayeshinda vumbini ni kazi ya kila wiki.

Imwagwe lini

Injini mpya, au iliyotiwa pistoni na ringi mpya, humwagwa mara ya kwanza kati ya kilomita 500 na 1,000, kwa sababu vyuma vipya vinaposugua vinaacha unga. Baada ya hapo, kwa oili ya kawaida na kazi ya abiria, mwaga kila kilomita 2,000. Kwenye vumbi zito au milima ya kila siku, 1,500. Kitabu kinaweza kukuambia zaidi ya hapo. Kitabu kiliandikwa kwa mtu anayekwenda kazini na kurudi.

Spidomita nyingi zimekufa, tunajua. Basi hesabu kwa petroli. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita, ikishakunywa lita 50 imetembea kilomita 2,000. Anayejaza lita mbili na nusu kwa siku anafika hapo kwa siku 20. Jambo hili linakuwa gumu zaidi pale pikipiki inapokuwa na tajiri, dereva na deiwaka wa jioni, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye aliyemwaga. Andika tarehe kwa maka penzeli ndani ya kava la pembeni. Inamaliza ugomvi mwingi wa hesabu.

Kumwaga kwenyewe si kazi ya kumpelekea fundi kama una spana. Iwashe dakika tatu hadi tano ili oili iwe nyepesi na ibebe uchafu, kisha izime. Isimamishe kwenye stendi kubwa, mahali tambarare. Fungua kwanza mfuniko wa kujazia, ndipo ufungue boliti ya chini. Mfuniko ukigoma au nyuzi zake zikiwa zimekufa, heri ugundue kabla hujapata injini tupu mkononi. Kwenye injini nyingi za muundo wa CG, nyuma ya boliti kubwa ya chini kuna springi na wavu. Vinatoka kwa mpangilio, vikariri. Osha wavu kwa petroli, ukaushe, uangalie kama umetoboka. Acha idondoke dakika kumi nzima, iinamishe kidogo kila upande. Kama pikipiki yako ina filta ndogo ya karatasi nyuma ya kijifuniko cha pembeni, ibadilishe sasa, na iingie kwa upande ule ule ilivyotoka. Ikigeuzwa, oili haipiti.

Kabla ya kurudisha boliti angalia washa yake. Ni ya shaba au aluminiamu, ni ya bei ndogo sana, na washa iliyochoka ndiyo inayowafanya mafundi wakaze boliti kwa bomba mpaka nyuzi za injini zing'oke. Injini ni aluminiamu, boliti ni chuma, na kwenye mvutano huo aluminiamu haijawahi kushinda. Kaza kwa vidole hadi mwisho, kisha robo mzunguko au zaidi kidogo kwa spana fupi.

Kiasi kimeandikwa kwenye kitabu na mara nyingine kwenye kava la injini karibu na mfuniko. Pikipiki hizi nyingi huchukua karibu lita moja. Honda CG125, kwa mfano, inataka lita 0.9 ikimwagwa kawaida na 1.1 ikifunguliwa yote, kwa sababu oili fulani hubaki ndani kila unapomwaga. Kumimina kopo zima la lita moja bila kupima ni mazoea tu. Mimina kama tisa ya kumi, washa dakika mbili, zima, subiri dakika nyingine tatu, halafu pima. Kwenye pikipiki nyingi zenye kijiti, kijiti kinafutwa, kinaingizwa bila kufungwa nyuzi, kinatolewa na kusomwa. Ukikifunga nyuzi kinazama zaidi na kukudanganya kwamba oili imejaa. Zenye kidirisha cha kioo husomwa zikiwa zimesimama wima, si kwenye stendi ya pembeni.

Kuzidisha si ukarimu. Krenki inaanza kuipiga oili, inajaa mapovu, na mapovu hayalainishi kitu. Hewa ya ndani inaisukuma kwenye mpira wa kupumulia hadi kwenye filta ya hewa, na sili zinaanza kuvuja. Ikipungua ndio balaa lenyewe: lita moja ni kidogo, na injini inayokula mililita 300 bila kutazamwa imebaki na theluthi mbili. Pima kila siku mbili tatu. Ukiongeza, oili ya kampuni nyingine yenye namba na MA zile zile haina ugomvi na iliyomo.

Iliyotoka inasema nini

Weusi si ugonjwa. Oili nzuri ina sabuni inayobeba masizi, kwa hiyo kuwa nyeusi baada ya kilomita mia kadhaa ni kufanya kazi yake. Angalia mambo mengine.

Ikitoka na rangi ya maziwa, kuna maji. Injini inayopozwa na upepo haina rejeta wala maji yake, kwa hiyo yaliingia kutoka nje: umevuka korongo lililojaa, au kijana wa kuosha amepiga pampu kwenye mpira wa kupumulia, au injini haikupata kuchemka. Hilo la mwisho huwapata wenye safari fupi za asubuhi za baridi mwezi Juni na Julai. Mwaga mara moja.

Ikinuka petroli, na kijiti kikionyesha imepanda badala ya kushuka, petroli inashukia humo. Mshukiwa wa kwanza ni sindano ya boya kwenye kabureta, inayovuja usiku usipofunga bomba la tangi. Mwingine ni choki iliyosahaulika. Na Arusha kuna la ziada. Kwa mita 1,400 mgandamizo wa hewa ni takribani asilimia 85 ya ule wa Tanga au Dar es Salaam, na kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani inatoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Plagi inakuwa nyeusi na kavu kama mkaa, na petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda. Kabureta ipangwe upya huku huku ilipo, au kila oili utakayonunua itaharibika mapema.

Vipande vinavyong'aa vipitishie sumaku. Vinavyonasa ni chuma: gia, beringi, kemshafti. Visivyonasa vyenye weupe ni aluminiamu, na pistoni inahusika. Nyuzinyuzi za kahawia ni vitambaa vya klachi. Unga kidogo kwenye wavu ni wa kawaida, vipande vya kushikika kwa kucha si vya kawaida.

Moshi wa bluu nao usome ulipotokea. Ukitoka unapovuta mafuta kupanda, ringi zimechoka. Ukiteremka kutoka Marangu umefunga mafuta, na ukiyafungua tu unatoka wingu moja kisha unakoma, ni sili za valvu: injini iliyofungwa mafuta inavuta kwa nguvu na kunyonya oili kupitia hapo. Sili ni kazi ndogo na ya bei nafuu kuliko pistoni, hivyo usikubali kufunguliwa silinda kabla ya hilo kuangaliwa. Na wanaoteremka wamezima injini kabisa ili kuokoa petroli wajue kwamba pampu ya oili imezimwa nayo, huku gia zikizungushwa na tairi mpaka chini.

Feki

Oili iliyotumika ikichujwa na kutiwa rangi inaonekana mpya, kwa hiyo usihukumu kwa rangi. Angalia pete ya mfuniko iwe haijakatika, karatasi ya ndani iwe imeshika pande zote, na namba ya toleo iwe imechapwa kwenye kopo lenyewe na si kwenye lebo peke yake. Alama ya TBS iwepo. Harufu ya kuungua kwenye oili mpya ni sababu ya kurudisha. Tone moja kwenye karatasi nyeupe likae saa kadhaa: oili mpya inaacha doa la rangi moja, isiyo na kiini cheusi katikati. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa inaweza kuwa nzuri, ila huna namna ya kujua ni namba gani wala kama ina MA. Makopo yako matupu yatoboe kabla ya kuyatupa, maana kopo zima lenye lebo safi lina wateja wake.

Bajaji za injini ya mipigo minne nazo zina klachi iliyoloa, kwa hiyo yote ya MA yanazihusu. Skuta ina oili mbili: ya injini, ambapo MB inaruhusiwa, na ya gia za tairi la nyuma, kiasi cha mililita 100 hivi, ambayo wengi hawajui hata kama ipo. Yamaha AG100 na DT za mipigo miwili ni ulimwengu mwingine. Huko oili inaungua pamoja na petroli, na unachotafuta kwenye kopo ni JASO FC au FD. Oili ya 20W-50 ikiingia huko inaacha masizi yanayoziba bomba la moshi, na giaboksi yake ina oili yake peke yake.

Oili chafu uliyomwaga usiimimine kwenye mtaro unaoshukia Themi, Naura au Karanga. Iweke kwenye dumu, gereji zenye pipa la kukusanyia zipo. Na usiipake kwenye cheni. Ina unga wa chuma na vumbi lile lile ulilotoka kulitoa ndani ya injini. Cheni inataka oili ya gia namba 90, matone machache upande wa ndani, pikipiki ikiwa bado ya moto kutoka kazini.